Mwili Mmoja wa Kamera

Siku Mzee Khatibu alipotangaza kuwa anamwoza binti yake Asmahani, watu wa soko la Kasulu waliwaza pilau. Haidari aliwaza chumba.

Kilikuwa chumba cha mbele katika jengo la mzee huyo, ubavuni mwa duka lake la mabati na misumari, na kilitazamana na soko. Kilikuwa kitupu tangu fundi cherehani aliyekipanga ahamie Kigoma. Mlango wake ulikuwa wa kioo. Kwa imani ya Haidari, mpiga picha akishapata mlango wa kioo haitwi tena mpiga picha, anaitwa studio.

Haidari mwenyewe alikuwa mpiga picha kwa jina, ila kazi ilifanywa na mdomo. Kila asubuhi alikaa chini ya mwavuli wake karibu na geti la ofisi za wilaya, kitambaa cha buluu kimetundikwa ukutani, akiwapiga picha za paspoti watu waliokuja kushughulikia vitambulisho na mikopo. Kamera yake ilikuwa ile ya mfukoni, ya rangi ya fedha, ukubwa wa kipande cha sabuni: unaelekeza, unabonyeza, basi. Mteja akishapigwa, Haidari aliitazama kamera, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni ya mganga.

"Dada yangu, umefumba macho. Serikali haipokei mtu aliyelala."

Dada alikaa tena, akalipa tena. Macho, kusema kweli, yalikuwa wazi tangu mwanzo. Lakini bibi yake Haidari alikuwa wa Tanga, jambo ambalo alilitaja kabla hata ya jina lake, na Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba waliolizwa waliondoka wakimshukuru.

Basi asubuhi hiyo aliingia dukani kwa Mzee Khatibu, mkono kifuani.

"Shikamoo mzee wangu. Nasikia heri imebisha hodi."

"Marahaba. Imebisha, na imekuja na wageni mia tatu. Unataka nini?"

"Kukuhifadhia siku yako. Pilau italiwa itaisha. Nguo zitafuliwa zitachuja. Kitakachobaki ni picha."

Maneno hayo yalimwingia mzee. Alikuwa mtu mnene, mpenda heshima, na hakuna anayependa heshima asiyependa picha.

"Sawa. Kamera iko wapi?"

Haidari akaitoa. Mzee Khatibu akaiweka kiganjani, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni kamera au kiberiti?"

Mafundi waliokuwa wakichagua mabati wakaangua kicheko.

"Nisikilize, kijana," mzee akaendelea. "Mwezi uliopita nilialikwa harusi Uvinza. Mpiga picha wao alikuwa na kamera ya kuning'inia shingoni, ina mdomo mrefu kama bomba la maji. Akikuelekezea tu, unavuta tumbo ndani bila kuambiwa. Mimi nataka ya namna hiyo. Nataka watu wavute matumbo."

"Ile kubwa ninayo, mzee," Haidari akasema, na uongo ulimtoka bila hata kumwomba ruhusa. "Iko Kibondo, kwa fundi."

"Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ukija nayo, kazi yako. Na picha zikinifurahisha, kile chumba cha mbele utakaa mwaka mzima, sitakuuliza kodi."

Haidari akatoka pale miguu haigusi chini. Alikuwa na kazi, alikuwa na chumba. Kilichokosekana ni kamera tu.

Mchana huo, chini ya mwavuli, alipiga simu kwa kila aliyemfahamu kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini. Hakuna aliyekuwa na kamera kubwa ya kuazimisha, au tuseme hakuna aliyekuwa nayo ya kumwazimisha Haidari. Mbele yake alikaa mwanamke mmoja mwenye kitenge cha manjano, aliyekuja kupiga picha mbili za paspoti. Haidari alimpiga, akatikisa kichwa, akamwambia amefumba macho, akampiga tena. Mwanamke akalipa mara ya pili. Akawa anazikausha kwa kuzipunga picha zake, zilizotoka kuchapwa duka la jirani, masikio yake yakiwa kwenye simu za Haidari.

"Kaka," akasema alipoinuka, "wewe watafuta kamera kubwa?"

"Natafuta, dada."

"Kibondo kuna mama mmoja aitwa Esteri, auza asali na vitenge karibu na stendi. Anayo. Mzungu wa shirika alimwachia alipokwenda kwao. Yeye aikandamizia vitenge visipeperuke."

Haidari akashusha simu. "Anakandamizia vitenge?"

"Ego, ndiyo. Ni nzito, yafaa."

Mtu anayeishi kwa kulaghai watu ana ugonjwa mmoja: akiletewa habari njema bure, haulizi kwa nini ni bure. Haidari hakuuliza hata jina la mwanamke yule.

Jumamosi iliyotangulia ile ya harusi akavaa kizibao chake chenye mifuko kumi na miwili na viatu vyake vya ngozi ya mamba, mamba wa plastiki. Ile kamera ndogo akaing'arisha kwa mate na kitambaa, akailaza ndani ya kijisanduku cha mahameli kilichowahi kuwekewa mkufu. Akapanda Noah ya kwanza ya Kibondo. Kabla ya saa nne alikuwa amesimama mbele ya duka la Esteri Manirambona.

Esteri alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, na usemi wake ulikuwa wa taratibu kama asali ya mwezi wa baridi. Dukani kulikuwa na ndoo za asali, vitenge vilivyopangwa kama matofali, na juu ya vitenge, kweli kabisa, kamera. Nyeusi, pana, ina lenzi nene kama mchi. Haidari alihisi moyo ukimpiga teke, lakini uso wake haukusema kitu.

"Shikamoo mama. Naitwa Haidari, natokea kampuni ya kubadilisha kamera chakavu. Makao makuu yetu pwani."

"Marahaba, mwanangu. Amahoro, amani kwako. Umetoka mbali."

Haidari akaitazama ile kamera kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa ambaye ndugu zake hawajaambiwa. "Hii mmekaa nayo muda mrefu?" akauliza kwa wingi wa heshima.

"Miaka miwili. Aliyeniachia alikuwa apenda sana asali yangu."

"Na hakuwaambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mama, nisameheni kuwaletea habari hii. Dunia inakwenda udogoni. Redio za zamani mliziona? Sanduku zima. Runinga zilikuwa na kisogo, leo zimebaki uso mtupu. Simu za kwanza ungemrushia mbwa akafa. Kitu kikiendelea, kinapungua." Akafungua kijisanduku polepole. "Hii ndiyo kamera ya sasa."

Esteri akavaa miwani, akainama. "Mawe, mama yangu! Ndogo kama kifaranga. Kwa hiyo hii ndogo ndiyo kubwa, na ile kubwa ndiyo ndogo?"

"Mama, mmeelewa haraka kuliko watu wa Dar."

"Na wewe wataka kunipa hii mpya, uchukue ile mzee?"

"Ndiyo kazi ya kampuni. Tunazikusanya zisiwasumbue wananchi."

Esteri akafikiri kidogo, akaichukua ile kubwa juu ya vitenge na kumkabidhi. "Basi ichungulie kwanza, usije ukabeba kibovu ukanilaumu. Moto wake umekwisha, lakini jicho laona."

Haidari akaiweka jichoni kwa kuzuga tu. Alichokiona kwanza ni ukungu. Esteri akanyoosha vidole viwili, akaizungusha pete ya lenzi kidogo, na ukungu ukapasuka. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mwanamke anapanga ndizi. Haidari aliuona uso wake hadi kovu dogo juu ya nyusi, aliona jasho, aliona alivyoingiza ulimi kwenye pengo la jino huku akihesabu vichana. Nyuma yake stendi nzima, magari na wapiga debe, ilikuwa imelainika kama imefunikwa kwa chandarua. Miaka saba Haidari alikuwa amewabonyezea watu kamera. Huyu ndiye wa kwanza aliyemwona.

Akasahau kuishusha. Esteri alimwangalia alivyosahau. Mwuza asali anajua jambo hili tangu utoto: mteja akishaonja, bei inahama upande.

"Nakubali," mama akasema. "Lakini kwetu hapa, kitu hubadilishwa kwa uzito. Sitaki kumdhulumu mtu wala mtu anidhulumu."

Akasogeza mizani yake ya sahani mbili. Sahani moja akaweka kamera kubwa, nayo ikashuka kwa kishindo. Nyingine akaweka ile ya fedha na kijisanduku chake. Haikutikisika. Haidari akacheka moyoni. Kumbe ndiyo hesabu yenyewe! Akaongeza chaja. Akaongeza pawa benki. Akavua saa yake ya dhahabu, ambayo dhahabu yake iliwahi kuonana na mvua ikatoka. Akavua mkanda wenye kichwa cha simba. Sahani ya kamera kubwa ikaanza kuinuka, ikasita njiani.

"Bado kidogo," akasema Esteri kwa upole.

Haidari akatazama chini. Akavua kiatu kimoja, akakiweka. Mizani ikasimama sawasawa.

"Yatosha," mama akasema. "Ila kiatu kimoja utakifanyia nini, mwanangu? Acha vyote, nami nitakupa ndala."

Kama kuna siku ya kucheka ni hii, Haidari aliwaza, akivaa ndala za buluu. Kapata kamera ya maana kwa takataka. Ili kuufunga mlango kabisa, akachana karatasi kwenye daftari. "Tuandikishane, mama. Kampuni yetu inataka maandishi."

"Vema. Andika hivi: Mimi Esteri Manirambona nimempa Haidari mwili mmoja wa kamera."

Haidari akatabasamu. Mwili wa kamera! Masikini, watu wa huku na Kiswahili chao. Alifikiria kumsahihisha, akaona si kazi yake kuwafundisha watu bure. Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: *mwili mmoja wa kamera*. Wakatia sahihi wote wawili. Esteri akaenda nyuma ya pazia kuifunga vizuri kwa ajili ya vumbi, akarudi na furushi la kitenge lililokazwa kamba.

"Urakoze cane, mwana wanje," akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Safari njema."

Njia nzima Haidari alilipakata furushi lile kama mtoto wa kwanza. Alipofika chumbani kwake Kasulu akafunga mlango, akafungua kamba, akakunjua kitenge.

Kamera ilikuwamo. Mahali pa lenzi palikuwa na shimo la duara, limeachama, na ndani yake kijioo kidogo kikamwonyesha kipande cha pua yake. Chumba cha betri kilikuwa kitupu. Pembeni, kwa ajili ya kutunza uzito, kulikuwa na kopo la asali, limefungwa vizuri.

Akaipiga namba ya simu ambayo mama aliiandika chini ya sahihi yake. "Mama! Lenzi iko wapi?"

"Lenzi? Soma karatasi, mwanangu. Mwandiko wako mzuri."

"Mama, mimi nilichungulia kamera nzima!"

"Kuchungulia sikukudai. Lakini mwili ni mwili, jicho ni jicho, moto ni moto. Hata mafundi huviuza mbalimbali, kawaulize. Jicho nimempelekea kaka yangu Reverien, fundi wa redio hapo hapo Kasulu. Kesho litamfikia. Mwambie nimekutuma. Na asali ule, ni ya miombo, haina sukari."

Haidari alijitupa kitandani. Hasira zilipopungua akagundua jambo la aibu: hakuwa akiiwaza saa yake, wala mkanda. Alikuwa akimwaza yule mwanamke wa ndizi na kovu lake. Akachovya kidole kwenye asali. Ilikuwa nzuri sana, na hilo lilimuudhi zaidi.

Reverien alikuwa na kibanda nyuma ya soko, kimejaa matumbo ya redio. Alikuwa mwanamume mpole mwenye bisibisi sikioni. Lenzi alikuwa ameiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, kama sadaka.

"Dada alinipigia," akasema. "Wewe ndiye wa kampuni ya pwani?"

"Acha kampuni. Unataka nini?"

"Baiskeli yako ile nyekundu uegemezayo getini."

"Baiskeli kwa kioo?"

"Kioo hiki kikitoka hapa chaenda Kigoma, kuna mtu anayekitaka. Lakini wewe ni wa nyumbani." Reverien akaifuta lenzi taratibu. "Na wajua, mjini siku hizi wakubwa waanza kuziacha hizi nzito. Zimetoka nyingine, hazina kile kijioo ndani, ni ndogo na ndiyo ghali zaidi. Dunia yaenda udogoni."

Haidari akamtazama. Fundi hakuwa anatania. Kwa miaka yake yote hapa duniani Haidari alikuwa hajawahi kusema ukweli kwa bahati mbaya, na sasa ulikuwa umemponyoka dukani kwa mwuza asali, bila faida yoyote. Akaenda kuileta baiskeli.

"Na betri?"

"Yachajiwa. Njoo Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi ndiyo harusi!"

"Basi njoo mapema."

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi Haidari alikuwa kibandani, kamera shingoni, suti ya kuazima mwilini. Mlangoni amekaa mwanamke anachambua maharage. Kitenge chake kilikuwa cha manjano.

Haidari alisimama ghafla. "Wewe si yule wa picha mbili?"

"Nne," akajibu mwanamke. "Nilitaka mbili, nikalipia nne. Hujambo, kaka?"

"Huyu ni mke wangu, Niyubahwe," Reverien akasema kutoka ndani. "Esteri ni wifi yake."

Haidari aliona njia yote aliyopita ikijikunja nyuma yake, kutoka kwenye mwavuli hadi Kibondo na kurudi, na kila kona alikuwa amesukumwa na mkono wa mtu. Angeweza kupiga kelele. Lakini mkono wa saa ulikuwa unakimbilia saa mbili, na wageni mia tatu walikuwa wanapiga pasi.

"Semeni. Betri mnataka nini?"

"Geti la ofisi ya wilaya," akasema Niyubahwe. "Mwavuli, kitambaa cha buluu, na mahali penyewe. Kamera ndogo tayari tunayo."

Ilimuuma. Pale ndipo palipomlisha miaka saba. Lakini Haidari alikipigia hesabu chumba chenye mlango wa kioo, akaona kuwa mfalme hawezi kuwa na viti viwili. "Chukueni."

Reverien akaitumbukiza betri. Kamera ikalia mlio mdogo, ikawaka, ikaandika maneno fulani ya Kiingereza kwenye kioo chake cha nyuma. Haidari akayachukulia kuwa ni salamu, akakimbia.

Alipoingia uani kwa Mzee Khatibu, kamera kubwa shingoni, watu walivuta matumbo. Hilo halina ubishi. Mzee mwenyewe, katika kanzu mpya na kofia ya kazi ya mkono, alivuta la kwake hadi akabadilika rangi. Haidari akapiga goti, akapanda kiti, flashi ikameremeta, watu wakasema *hapo sasa*. Baada ya picha thelathini akajibanza nyuma ya turubai kuzitazama.

Hapakuwa na kitu. Yale maneno ya Kiingereza yalikuwa bado pale pale, na hayakuwa salamu. Akafungua kimlango cha ubavuni. Mahali pa memori kadi palikuwa na nafasi pana, ya kadi nene kama biskuti, si zile nyembamba zinazouzwa madukani Kasulu. Nafasi hiyo ilikuwa tupu kabisa.

Jasho lilimtoka hadi kwenye suti ya wenyewe. Akatoa kichwa nyuma ya turubai. Kwenye meza ya wapishi, akipima asali ya kaimati aliyoagizwa na mwenye harusi, alikuwa Esteri Manirambona, amevaa kitenge cha sherehe. Miguuni alikuwa amevaa viatu vya mamba.

Haidari akamwendea. Maneno yote ya Tanga yalikuwa yamemkimbia. "Mama," akasema, "kadi."

"Ya mwaliko? Ninayo."

"Mama, naomba. Sina kiatu, sina baiskeli, sina kijiwe. Sina kitu kingine cha kuweka kwenye mizani."

Esteri akaweka chini kipimo cha asali. Akafungua pindo la kitenge, akatoa kadi, akaipachika mwenyewe kwenye kamera, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

"Siiuzi. Nakuazima. Kazi njema."

"Bure?"

"Bure."

Mara hii Haidari alijiuliza kwa nini ni bure. Lakini bibi harusi alikuwa anatolewa.

Alipiga picha siku hiyo kama hajawahi kupiga. Alisahau kuzungumza. Alizungusha ile pete, akawatafuta watu mmoja mmoja katikati ya ukungu na kuwakuta. Saa kumi, Asmahani alipokuwa anaondoka, Mzee Khatibu, aliyekuwa amesimama kama mnara tangu asubuhi, aligeukia ukuta ghafla na kujifuta macho kwa mkono wa kanzu. Kofia ikaenda upande. Binti akarudi hatua mbili, akainua mkono wenye hina, akaiweka sawa kofia ya baba yake. Haidari akabonyeza mara moja tu.

Baadaye alipewa sinia la pilau. Alikuwa na mpango: kula, kuaga, kutoweka na kadi. Mikono yake yote miwili ilikuwa imezama kwenye mafuta na mifupa ya mbuzi pale Esteri alipopita nyuma yake, akafungua kile kimlango kilichoning'inia kifuani mwake, akachomoa kadi, akaifunga kwenye pindo.

"Endelea kula, mwanangu," akasema. "Picha nazipeleka Kigoma kusafishwa. Wewe huna hata nauli."

Hapo alisema kweli.

Alhamisi Haidari hakuweza kuvumilia zaidi. Akaenda kwa Mzee Khatibu na maneno aliyoyapanga usiku kucha, akayasahau yote alipoona mlango wa kioo. Juu yake fundi alikuwa anamalizia kuandika kwa rangi nyekundu: STUDIO MANIRAMBONA. Na kwenye kioo ilikuwa imebandikwa picha moja kubwa, urefu wa mkono. Ule mkono wa hina. Ile kofia.

Ndani walikuwamo Esteri na Mzee Khatibu, albamu mezani.

"Mzee!" Haidari akafoka. "Huyu mama ni—"

"Huyu mama ndiye aliyeniletea picha," mzee akamkatiza. "Nimempa ufunguo. Amenieleza kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kwamba studio ni yake, na wewe ndiye mpigaji wake." Mzee Khatibu akaonyesha ile picha kubwa, na sauti yake ikapungua. "Hii umepiga wewe kweli? Nimesikia maneno yako mengi, kijana. Hili nataka kulisikia vizuri."

Haidari akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza aliulizwa swali ambalo jibu lake la kweli lilikuwa pia ndilo lenye faida. Ladha yake ilikuwa ngeni.

"Nimepiga mimi."

Mzee akaitazama tena picha, akakohoa bila sababu, akajifanya ameitwa dukani, akaenda.

Wakabaki wawili.

"Kamera ni yangu," Haidari akasema. "Naweza kuondoka nayo sasa hivi."

"Ego. Mwili ni wako, jicho ni lako, moto ni wako. Kadi ni yangu na mlango ni wangu. Nilikuwa na kamera ile miaka miwili, mwanangu. Nilijifunza vyote, pete na vitufe. Picha zangu zote zilitoka kama za paspoti. Pale dukani ulipoichungulia ukasahau kuishusha, nikasema, huyu mwizi ana jicho." Akafunga albamu. "Nusu kwa nusu. Ukimwambia mteja amefumba macho, awe amefumba kweli."

Haidari aliangalia nje. Kule mbali, kwenye geti la ofisi za wilaya, mwavuli wake ulikuwa umefunguliwa, na chini yake kuna kitu cha manjano. Mbele ya kioo watu wanne wa soko walikuwa wamesimama wanaitazama picha. Mmoja wao, mchukuzi wa mizigo, alikuwa ameshusha gunia lake chini ili aitazame.

"Robo tatu kwa robo," Haidari akajaribu.

"Nusu," akasema Esteri, na kumkabidhi ufagio. "Wateja waanza saa tatu. Sasa ni saa mbili na nusu."

"Mama, mimi ni mpiga picha."

"Saa tatu."

Akauchukua. Akatoka kibarazani, suti ya kuazima ambayo bado hajairudisha, ndala za buluu, akaanza kufagia misumari na maganda ya karanga. Kijana mmoja aliyekuwa anapita na toroli ya mabati akasimama, akasoma maandishi mekundu, akamtazama mtu mwenye suti.

"Shikamoo, mwenye studio."

Haidari akageuka kuangalia kama Esteri yuko karibu na mlango. Alikuwa ameinama ndani, anapanga viti.

"Marahaba," akaitikia, kwa sauti ya chini kidogo, na kumnyooshea kijana kidole. "Njoo saa tatu nikupige. Una sura ya Kitanga."